Sahani ya Kabange

Mtu akikuambia kwamba moyo ni nyama tu kama nyama nyingine, mwambie aje aniulize mimi. Wangu uliniangusha mara saba katika msimu mmoja na nusu: jikoni, uani, kanisani mbele ya mchungaji, na mara moja nikiwa na mtoto mgongoni karibu na moto. Leo nimepona, au nimekaribia kupona. Naandika kwa sababu mwaka huu nimeona wanawake wawili hapa Kamina wakianguka vile vile, na watu wao wanafanya kile kile tulichofanya sisi: wanatafuta nani amewaangusha. Kiswahili changu cha kuandika nilikipata shule ya misheni, lakini watu nitawaacha waseme kama wanavyosema: minyi ni mimi, njo ni ndiyo.

Tabia yangu muijue mapema. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua muhogo naumega kwanza, nauonja kama ni mchungu, muuzaji akinuna na anune. Nikipewa chai nangoja aliyeipika anywe yeye kwanza. Mume wangu Ilunga, karani wa stesheni, mtu mpole asiyependa kelele, alikuwa akinitania: "Weye, hata malaika akikuletea mukate utamuuliza aliupikia wapi." Tulikuwa tunacheka. Baadaye ikawa si jambo la kucheka.

Nilizaa mapacha, wavulana wawili, mwisho wa mvua. Kwetu Waluba jina la pacha halitafutwi: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Jina langu mimi likapotea siku hiyo hiyo, nikawa Mama Mapasa, mama wa mapacha, kwa kila mtu, hata kwa mchungaji. Na mapacha wana sheria zao. Ukimpa mmoja kitu, mpe na mwenzake, sawasawa, la sivyo aliyekosa atakasirika na kuondoka. Kuondoka, ndivyo wanavyosema. Pacha hasemwi amekufa, na haliliwi, na hakuna matanga. Ukimlilia, yule aliyebaki atasikia, naye atamfuata.

Mama mkwe wangu, Mama Ngoie, alikuja kutoka kijijini kwao upande wa Bukama ili anisaidie kulea. Mjane, mwembamba, mikono haitulii. Sheria za mapacha alizishika kuliko mchungaji wetu anavyozishika amri kumi.

Baridi ya mwaka uliofuata, watoto wakiwa wameanza kutembea, Kabange alishikwa na kifua. Siku nne alipumua kwa taabu. Siku ya tano asubuhi akaacha. Mungu wangu, alikuwa bado ana joto nilipompakata.

Tulimzika upesi, bila kilio. Kaburini Mama Ngoie alinishika mkono, akaubana mpaka vidole vikauma. "Hapana kulia, Mama Mapasa," alininong'oneza. "Kyungu iko anasikia." Na mchungaji naye alinivuta pembeni akaniambia mama Mkristo halii kama wapagani. Basi nimekatazwa na mila, nimekatazwa na kanisa, na mimi shuleni nilikuwa wa kwanza kwa kutii. Sikutoa chozi hata moja. Watu walinisifu. Jirani mmoja alisema, "Huyu mama iko na nguvu!" Nikajivuna kidogo, nisiwadanganye.

Kesho yake Mama Ngoie alipika uji, akaleta sahani mbili. Moja aliiweka mbele ya Kyungu. Nyingine akaiweka kando yake, mahali pasipo na mtu. "Ya Kyungu. Ya Kabange," akasema, na akaniangalia. Sheria ndiyo hiyo: aliyeondoka hanyimwi fungu lake, na mwenzake ndiye atakayelimalizia. Nilijua. Lakini kifua kilinibana, jasho baridi likanitoka, masikio yakaanza kuvuma. Nikataka kusema nishikeni. Nilipofungua macho nilikuwa chini, mdomo umejaa vumbi, na Ilunga ananipepea kwa kofia yake ya kazi.

Wakasema ni uchovu. Na mimi nikasema ni uchovu.

Mara ya pili ilikuwa sahani mbili za bukari, ule ugali wetu. Mara ya tatu ni kanisani, sikukuu ya mavuno, Mama Ngoie alipopeleka mbele mikungu miwili ya ndizi, mikubwa sawasawa, akawataja watoto wote wawili. Nilianguka katikati ya wimbo, nikaangusha na benchi. Kila nikiinuka, uso wa kwanza ninaouona ni wake. Anasimama mbali kidogo. Haji kunishika. Ananitazama tu.

Ndipo shaka ilipoingia, na ikiingia kwangu haitoki. Nikaanza kupiga hesabu za mambo. Nani alikuwepo mara ya kwanza? Yeye. Mara ya pili? Yeye. Kanisani? Nani apikaye chakula chetu, nani atekaye maji? Nikaacha kula alichopika. Nikawa nachemsha viazi vyangu mwenyewe na kuvilinda mpaka viive. Siku tatu baadaye akaleta tena sahani zake mbili, sikugusa hata tonge, na nikaanguka. Mwenye akili angejiuliza hapo hapo. Mimi nilisema: loo, kumbe sumu yake iko hata katika mvuke!

Mvua za kwanza zilipoanza alikwenda kwao kupanda. Nikapumua. Wiki mbili sikuanguka, nikamwambia Ilunga, "Unaona sasa?" Akaguna tu, kwa kuwa yule ni mama yake. Kisha kikafika kifurushi kwa garimoshi la Bukama: samaki wawili wakavu, urefu mmoja, wamefungwa kwa majani, kila mmoja na kamba yake. Nikawatazama wote wawili. Nikaanguka juu yao. Hapo nikawa na hakika. Mtu anayeweza kukuangusha kutoka Bukama, akiwa hayupo, huyo ni mulozi, mchawi, na si mulozi wa kujifunza.

Mwili wangu nao ulikuwa unabadilika. Miguu ilivimba, jioni nikibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Pete ya ndoa ilikataa kutoka. Ndoo ya maji kutoka bomba la site, mtaa wetu, safari niliyoifanya nikiimba zamani, sasa naitua chini mara nne. Nilishindwa kulala chali, nikawa naegemea gunia la mahindi. Na kishindo chochote, mlango ukigongwa, kengele ya stesheni ikilia, moyo unaruka kisha unasita, unasita, kana kwamba umesahau kazi yake. Majirani walipunguza kuja. Ilunga alianza kuchelewa kutoka kazini bila sababu. Tulikuwa tunaongea kuhusu chumvi na makaa, basi.

Mama Ngoie alirudi katikati ya mvua. Siku moja nilikuwa nimembeba Kyungu mgongoni, nakoroga sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Akaingia na mashati mawili aliyoshonesha kwa fundi wa sokoni. Akayakunjua. Mamangu! Nilianguka ubavu, na mbabula ikaanguka na mimi. Kyungu akaungua mkono kuanzia kiwiko mpaka kwenye kidole gumba. Kilio chake ndicho kilichoniamsha.

Ndiyo tukaenda hospitali. Veranda ile naijua ubao kwa ubao. Unafika alfajiri, unapewa kikaratasi chenye namba, unaketi kwenye benchi pamoja na mafundi wa karakana waliofunga vidole, wanawake wenye watoto wa surua, wazee wa kikohozi. Wazungu wana hospitali yao kwingine, hawangoji. Kila mtu kwenye benchi anamtazama mwenzake, anajiuliza, huyu ana nini, na je, kinaambukiza? Mimi niliwatazama kuliko wote.

Muuguzi alikuwa mzee mmoja, Kalenga, tuliyemwita munganga, daktari, ingawa munganga mwenyewe ni Mbelgiji. Yule Mbelgiji aliweka mipira yake kifuani kwangu, akasikiliza muda mrefu, akasema kitu kwa Kifaransa.

"Anauliza," Kalenga akasema, "ulipata mushituko? Kuna muntu alikufa kwako?"

Niligeuka. Mama Ngoie alikuwa mlangoni, amempakata Kyungu mwenye bandeji, naye Kyungu ananitazama kwa macho yake makubwa. Anasikia.

"Hapana," nikasema.

"Batoto ngapi?"

"Babili."

Mbelgiji akaandika mbili. Sijui kama ningesema kweli siku ile ningeokoa miezi mingapi. Wewe unayesoma, ukiulizwa swali hilo, jibu.

Walinilaza wiki tatu. Moyo umechoka na umevimba, wakasema. Nilale, nisile chumvi, ninywe matone kumi kila asubuhi katika kijiko cha maji. Matone yenyewe sikuyaamini. Nilingoja siku mbili nione kama mama mzee wa kitanda cha dirishani, anayepewa chupa ile ile, atakufa. Hakufa. Nikanywa, huku nahesabu, na siku Kalenga alipodondosha kumi na moja nilimrudishia kijiko. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki ya pili pete ilitoka yenyewe nikinawa, na nilikojoa kama mvua ya Januari. Jamani, furaha ya kuona tena mifupa ya mguu wako!

Pale mgonjwa analetewa chakula na watu wake. Mama Ngoie alikuja kila siku, mchana, na bakuli lake la sombe, kile kisamvu chetu. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na akiondoka tu nampa jirani yangu, mwanamke wa Luena aliyevunjika mguu. Sijivunii. Nilimpa mtu chakula nilichoamini kina sumu, nikijiambia sumu ile ina jina langu, haitamdhuru mwingine. Yule mama alinenepa. "Aksanti ya mama mukwe yako," aliniambia siku ya kuondoka. "Anajua sombe, ee!"

Kalenga aliona mchezo wote ule. Asubuhi moja akaniuliza, "Mama Mapasa, unaangukaka mbele ya kula ao kisha kula?"

"Mbele."

"Sasa iko sumu gani ile, haingoje hata kuingia mu kinywa?"

Nikamtazama vizuri. Nikaona na yeye amekwisha kulishwa sombe.

Nilipotoka hospitali nilikuta mashauri yamekamilika bila mimi. Baba Monga, mjomba wa Ilunga, kaka yake Mama Ngoie, alikuwa amekuja kutoka Luena kwa ajili hiyo. Jumapili baada ya ibada tuliketi uani: yeye, Ilunga, Mama Ngoie na mimi. Kyungu alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria.

"Mutoto atakwenda na kaku wake kule kijijini," Baba Monga akasema, akimnyoshea kidole dada yake. "Weye unaangukaka. Mara hii ni mukono. Kesho itakuwa nini?"

Nilimtazama Ilunga. Akaangalia viatu vyake. Nikaelewa kila kitu, au niliona nimeelewa: ndiyo sababu ya kuniangusha tangu mwanzo, ili mtoto wangu wa pekee achukuliwe. Moyo ukaanza. Nikasimama kabla haujanishinda.

"Ziulizeni sahani zake," nikasema. "Mwanamke huyu ananiroga. Kila akija na chakula chake naanguka. Ni mulozi, na Kyungu hataondoka hapa."

Neno hilo ukilitoa mbele ya ukoo halirudi mdomoni. Baba Monga alishika kichwa. Ilunga akasema, "We bibi! We bibi!" basi.

Mama Ngoie aliinuka. Aliingia jikoni akatoka na sahani mbili alizowapikia watoto, bukari na sombe. Akaketi chini mbele yetu, akanyoosha miguu, akala ya kwanza. Alikula polepole, tonge kwa tonge, akapangusa sahani kwa kidole. Kisha akavuta ya pili.

"Ngoie, acha," Baba Monga akasema. "Ile ni ya mutoto."

"Mutoto gani?"

"Unajua mutoto gani."

"Mutoto gani, Monga?" Alikuwa na tonge mkononi. "Kabange alikufa. Alikufa! Minyi njo nilimufunga macho. Nani atakula hii chakula?" Akalitia mdomoni tonge lile, na machozi yakamtoka huku anatafuna, akalia kwa sauti kubwa, chakula kikimtoka mdomoni, mwanamke mzima.

Nikaanguka. Lakini mara hii nilipozinduka nilikuta mimi mwenyewe nalia. Sijui nilianza lini. Nililia jina lake mpaka sauti ikakauka, na Kyungu ameacha kifuniko chake, amesimama, anasikiliza yote.

Mngetaka niwaambie tulikumbatiana. Hapana. Kesho yake Mama Ngoie alipanda garimoshi la Bukama na kifurushi chake, bila mtoto, bila kuaga. Umeitwa mulozi na mke wa mwanao mbele ya kaka yako, utakaa vipi? Na mimi sikumzuia. Bado nilikuwa nawaza: labda alikunywa dawa ya kuzuia kabla ya kula. Mtu wa kushuku hakosi neno.

Siku kumi hazikupita, Kyungu akashikwa na homa. Hapo ndipo nilipojua hofu. Tumelia, amesikia, sasa anamfuata. Siku tatu sikumweka chini. Kalenga alikuja mwenyewe nyumbani baada ya kazi, akamlazimisha kumeza kinini, akamshika pua, akamtukana kwa upendo. Siku ya nne Kyungu akaomba ndizi. Nikampa moja. Nikasubiri nianguke, nikashika na ukuta kabisa, na moyo uligonga tu, mkubwa, wenye hasira, lakini uligonga.

Kuanzia hapo sikuanguka tena. Mvua zilipokwisha matone yalikuwa matano. Walipoanza kuchoma nyasi za porini hayakuwapo tena. Hata hivyo ngazi zinanichosha, na kengele ya stesheni bado inanishtua. Ilunga alirudi kuongea, kidogo kidogo. Siku moja aliniambia, hajaniangalia, "Mama yangu kule hata watu hawamusalimie tena." Habari zilikuwa zimefika kabla yake. Kijijini wanawake walikuwa wakiona anakuja kisimani wanabeba vyungu vyao na kuondoka.

Nilijipa wiki moja. Kisha nikafunga kuku mmoja, nikamweka Kyungu mgongoni, nikapanda garimoshi.

Nilimkuta amekaa mlangoni anamenya muhogo, peke yake. Nikapiga magoti pale pale kwenye maganda, nikaweka kuku chini, nikasema niliyokuja kusema: kwamba nilimkosea, kwamba nitayasema maneno haya mbele ya chifu na mbele ya kisima. Akaendelea kumenya.

"Keti," akasema mwishoni. "Minyi pia nilikuwa nakuogopa."

"Mimi? Juu ya nini?"

"Tulizika mutoto, macho yako kavu. Siku ya kwanza kavu. Wiki moja, kavu. Nikawaza: huyu mama njo alimukula Kabange, na sasa atakula na Kyungu. Ile sahani ya pili, nilikuwa naipika juu ya kukupima. Naiweka mbele yako, naangalia. Nikasema, kama iko na deni ya huyu mutoto, sahani yake itamuangusha." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na weye ukaanguka. Kila mara! Ungekuwa minyi, ungewaza nini?"

Ndiyo sababu hakuwahi kuja kunishika. Ndiyo sababu alimtaka mtoto.

"Lakini ni wewe uliyenikataza," nikasema. "Ulinibana mkono. Ulisema hapana kulia!"

"Mbele ya mutoto!" Alikitupa kisu ndani ya beseni. "Mbele ya mutoto, mwanangu. Minyi nilikuwa nakwenda kulia mu mihogo, kila asubuhi, mbali, pahali Kyungu hawezi kusikia. Kila mama wa mapasa anaendaka. Nani hajue ile? Mama yako hakukufundisha?"

Mama yangu alinipeleka kwa wamisionari nikiwa na miaka saba. Walinifundisha kusoma, kushona, na kutii neno kama lilivyosemwa.

Nilibaki nimepiga magoti. Moyo ulianza kunipiga masikioni, jasho likanitoka, nikajua dalili zote. Mama Ngoie naye alizijua. Aliinuka haraka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uji alikuja akanishika, kwa mabega yote mawili. Mikono yake ilikuwa na maji ya muhogo.

"Hapana kuanguka," akasema. "Shamba njo lile. Enda. Enda, minyi nitabaki na mutoto."

Nilimtazama usoni, kwa muda, kama ninavyomtazama kila mtu. Kisha nikafungua kitambaa kifuani, nikamtoa Kyungu mgongoni, nikampa. Nikaingia kwenye mihogo.